Kibodi ya Boksi

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini kwa sasa siwezi kuwatajia kwa sababu lipo kwenye matengenezo. Kamati ililichukua mwaka juzi ili ilitie rangi mpya, na mpaka leo halijarudi. Sisi wananchi tunaiita "hapa", na tunaelewana vizuri tu. Nasema haya mapema asije mtu akadai nimeisema nchi yake. Mimi sina neno na nchi ya mtu.

Naitwa Shebe Mnyamani, Mtunza Kabati Daraja la Pili. Daraja la Kwanza lipo lakini halijawahi kupata mtu, kwa hiyo ukisikia mtu wa kabati serikalini, ndiye mimi. Nimelitunza kabati moja kwa miaka kumi na tisa na halijapotea hata siku moja. Haya ninayoyasimulia nayasimulia kwa moyo mweupe. Nikikosea, nisahihishwe kwa barua.

Basi, siku moja Mtukufu Kiongozi wetu alirudi kutoka ziara ya ng'ambo. Huko alionyeshwa mtoto wa miaka sita akiiambia kompyuta izime taa, na taa zikazimika kweli. Wanasema Mtukufu alikaa gizani dakika nzima akiwaza. Aliposhuka kwenye ndege hakusubiri hata ngoma ziishe. Alishika kipaza sauti pale pale uwanjani.

"Wananchi!" alisema. "Nimegundua kwa nini tuko nyuma. Tuna wahitimu wengi mno wa mambo yasiyokwenda mbele. Historia imekwisha kupita. Jiografia iko pale pale, haijasogea tangu nizaliwe. Lugha tumezaliwa nazo. Falsafa sijui ni nini na sitaki kuambiwa! Kuanzia leo kila mhitimu wa masomo ya mdomo atageuzwa kuwa mtaalamu wa kompyuta. Kwa miezi tisa! Mama anatengeneza mtu mzima mzima kwa miezi tisa, serikali itashindwaje?"

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka mkanda wa saa yangu ukakatika, na sijanunua mwingine hadi leo.

Wiki haikuisha, ikaundwa Wizara ya Kugeuza Watu, chini ya Waziri, Mheshimiwa Ndomondo, mtu mwenye sauti nene na miwani anayoivaa kwa ajili ya picha. Mabango yakasimamishwa barabara zote: GEUKA AU PISHA. Chini ya maneno hayo alichorwa kijana anayecheka, ameshika kompyuta. Mchoraji hakuwa na kompyuta ya kutazamia, kwa hiyo ile aliyoshika kijana ilifanana sana na pasi ya mkaa. Nusu ya wilaya wakadhani wanaitwa kwenye kazi ya udobi.

Atakayekataa kugeuka, kazi yake atapewa aliyegeuka. Ndivyo ilivyotangazwa redioni, mara tatu kwa siku, kabla ya chakula.

*

Kabati langu likahamishiwa Chuo cha Taifa cha Kugeuza Wahitimu, ambacho zamani kilikuwa chuo cha cherehani. Kazi yangu ilikuwa moja: kila anayejiandikisha akabidhi cheti chake cha shahada ya kwanza, nikifungie. Mheshimiwa Ndomondo alitueleza kwamba mtu hawezi kugeuka huku bado ameshikilia alikotoka. Ilinipita kidogo, lakini mimi ni mtu wa kabati.

Siku ya pili ya uandikishaji alikuja mwanamke mmoja, umri wa miaka thelathini na kitu, kilemba cha kijani na njano, kapu begani, na fremu ya kioo ameikumbatia kifuani. Jina lake Sikudhani Mkumbukwa. Alikuwa mwalimu wa historia katika shule ya sekondari ya wilaya ya mbali, miaka kumi na moja ubaoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kitoe kwenye fremu. Fremu hazipokelewi."

Akageuza fremu, akaanza kufungua visumari vya nyuma kimoja kimoja kwa ukucha. Hakuharakisha hata kidogo, na mstari nyuma yake ulikuwa umefika getini.

"Hii ilikuwa juu ya mlango wa mama yangu," alisema. "Kila mgeni akiingia, kabla hajapewa kiti, anaambiwa atazame juu kwanza. Mama hajui kusoma, lakini ukimwuliza jina langu liko wapi humu, anakuonyesha kwa kidole. Sasa ukutani pamebaki pembe nne nyeupe, na wageni bado wanaambiwa watazame."

"Pole sana, mwalimu. Weka hapa."

"Naomba risiti."

"Risiti bado hazijazinduliwa."

Halafu akatoa daftari kwenye kapu, akaandika tarehe, saa, na namba ya kabati. "Jina lako kamili, mzee?"

"La nini tena?"

"La historia," akasema, akaandika. Mimi nilitaka kumwambia historia imefutwa, lakini watu walikuwa wengi.

*

Hapa lazima nieleze jambo moja kwa wageni wanaoweza kuyasoma haya. Nchini kwetu kitu hakitumiki mpaka kizinduliwe na mgeni rasmi. Huo ni utaratibu wetu na tunajivunia. Lipo daraja moja huko kaskazini lilikamilika, likasubiri mgeni rasmi miaka miwili, na wananchi wakawa wanavuka mto kwa miguu chini ya daraja lenyewe, nguo wamezibeba vichwani, bila mtu hata mmoja kulikanyaga. Huo unaitwa ustaarabu.

Kompyuta mia moja na saba zililetwa chuoni wiki ya kwanza. Zilitolewa kwenye maboksi, zikapangwa ukumbini, zikaunganishwa na umeme, zikafunikwa nailoni. Mlangoni ukafungwa utepe mwekundu na kuwekwa askari wawili. Hata mama mfagizi alikatazwa kuzipangusa, maana kupangusa ni kugusa.

Mheshimiwa Ndomondo angekuja Jumatatu. Jumatatu akapata mafua. Mara ya pili alifika hadi getini, akaona zulia ni la bluu badala ya jekundu, akageuza gari. Mara ya tatu ndiyo akaja kweli, mkasi tayari mkononi, akikwepa jua. Bahati mbaya kushoto kwa ukumbi kuna jiko, na mpishi alikuwa ameanika kitambaa chekundu kwenye kamba mlangoni. Mheshimiwa akaiona kamba, akaona wekundu, akakata. Halafu akahutubia dakika hamsini juu ya mapinduzi ya teknolojia, sufuria ya maharage ikichemka nyuma yake.

Nani angemwambia? Kumwambia kiongozi kwamba amekosea kamba kunahitaji kibali. Basi jiko letu likazinduliwa rasmi, baada ya kupika kwa miaka kumi na mbili, na jiwe la kumbukumbu lipo pale hadi leo. Kompyuta zikabaki chini ya nailoni. Wanafunzi mia mbili na kumi na wanne wakawa wanazichungulia dirishani.

Sikudhani alinyoosha mkono siku ya kwanza ya masomo, mimi nikiwa nimepita kuhesabu viti. "Samahani, hatuwezi kuwasha hata moja tu? Tuione inavyowaka?"

"Haijazinduliwa," wakamjibu.

Alinyoosha mkono siku ya pili, na ya tatu. Wiki ya pili ikatoka amri kwamba mikono itanyooshwa Ijumaa tu. Ijumaa alinyoosha yote miwili.

*

Mkufunzi wao alikuwa Chegeni, kijana mwembamba, mtu pekee chuoni ambaye alikuwa ameshika kompyuta kwa mikono yake. Aliona aibu yule kijana. Alikuwa anafundisha kwa chaki, anachora ubaoni, watu wananakili, basi. Mwishowe akaenda nyuma ya jiko, akaokota yale maboksi yaliyokuja na kompyuta, akayakata vipande mia mbili na kumi na vinne, na juu ya kila kipande akachora herufi zote za kibodi kwa kalamu ya wino mzito.

"Ni kwa wiki mbili tu, jamani," aliwaambia. "Vidole vizoee njia. Mheshimiwa akishazindua, tunahamia kwenye zenyewe."

Wiki mbili zikawa mwezi. Na katika mwezi huo wakaja wakaguzi wa Wizara. Wakakuta darasa zima linagonga maboksi kwa adabu, hakuna kelele, hakuna waya, hakuna aliyepigwa shoti. Wakauliza gharama. Wakaambiwa hakuna. Wakakimbia, wallahi, walikimbia kwenda kumwambia Mheshimiwa.

Kesho yake akawa redioni. "Tumevumbua!" alisema kwa ile sauti. "Kibodi ya Taifa! Haitumii umeme, haishiki virusi, mwizi haihitaji. Wenzetu wa ng'ambo wamehangaika miaka yote na vitu vya kuwasha, sisi tumeruka hatua hiyo!"

Chegeni aliposikia alikaa chini kwenye ngazi za darasa akajifunika uso. Sikudhani akampelekea maji. Mimi nilidhani analia kwa furaha ya kuvumbua.

Ndipo ukatoka Waraka Namba Tisa. Nautaja kwa maneno yake kwa sababu mimi huheshimu waraka: *Maandishi yoyote yaliyoandikwa kwa kibodi ya boksi ni maandishi halali ya serikali, na yatahesabika kuwa yamesomwa pale ofisa mwenye mamlaka atakaposema ameyasoma.*

Mtihani wa mwezi wa sita wa kozi ulifanywa hivyo hivyo. Mkaguzi alipita katikati ya madawati, mikono nyuma, akiinama hapa na pale kutazama vidole. Matokeo yakabandikwa. Sikudhani alipata sabini na moja.

Akamfuata mkaguzi uwanjani. "Nimekosea wapi?"

"Umesahau nukta mstari wa nne."

"Lakini mimi sikuandika kitu. Nilikuwa nagonga tu boksi, nasubiri kengele."

"Ndiyo maana hukupata mia," mkaguzi akamwambia, na kwa upole kabisa.

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Aliomba hati ya matokeo yenye muhuri, na alipopewa akaisoma mara mbili pale pale. Ilisema: *Maandishi ya mtahiniwa yamesomwa na kuthibitishwa.* Akaikunja, akaiweka ndani ya daftari lake.

*

Mwezi wa tisa ulipoanza, Wizara ikatoa tangazo la mwisho. Lilikuwa na kichwa kizuri: MTU MMOJA, SHAHADA MOJA. Vyeti vyote vya zamani vilivyomo kabatini vitateketezwa siku ya mahafali, saa tano asubuhi, ndani ya pipa, mbele ya wahusika, ili wasirudi nyuma kimawazo. Pipa likaletwa likawekwa nyuma ya jiko. Mpishi akalalamika kwamba linamzibia njia.

Mchana ule Sikudhani alikuja kwenye dirisha langu. Hakusema shikamoo, na yeye si mtu wa kukosa adabu.

"Fungua kabati, mzee Shebe."

"Haiwezekani, mwalimu."

"Mimi kompyuta naitaka!" akasema, na mkono wake ukapiga dirisha. "Sina ugomvi nayo. Nimewaacha wanafunzi wangu katikati ya mada, nimekuja hapa kujifunza kitu kipya, nikawafundishe na wao. Miezi minane nagonga boksi. Sawa, nimegonga. Na sasa kile kidogo nilichokuja nacho, nilichokisomea kwa jasho langu, nacho mnakitia kwenye pipa? Nitatoka hapa na nini, baba yangu? Hebu niambie wewe. Nitarudi kwa mama yangu nikamwonyeshe nini pale mlangoni?"

Nililitafuta swali hilo kwenye kanuni, sikulikuta. Ila nilijikuta nimeshika ufunguo wa kabati, nikasingizia naufuta vumbi.

Akafuta uso kwa ncha ya kilemba. Halafu akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kabati hufunguliwa kwa utaratibu gani?"

Hilo nililijua. Nikamsomea: "Kabati litafunguliwa kwa amri ya maandishi, iliyosomwa na kukubaliwa na Waziri mwenyewe."

"Rudia taratibu."

Nikarudia, naye akaandika kwenye daftari. "Kwa hiyo akisoma mwenyewe na akakubali, wewe unafungua?"

"Mwalimu, hata kama nina tonge mdomoni, nafungua."

Akalifunga daftari. "Ahsante, mzee. Shikamoo."

"Marahaba," nikasema. Niliona ametulia, nikafurahi kwamba amekubali matokeo.

*

Ili kuokoa muda wa Mheshimiwa, mambo yote yaliwekwa siku moja. Saa nne, uzinduzi wa kompyuta. Saa nne na nusu, mahafali ya wataalamu wa kompyuta. Saa tano, uteketezaji. Saa tano na robo, soda.

Safari hii zulia lilikuwa jekundu, na mpishi alikuwa amenyang'anywa kamba tangu jana yake. Televisheni ya taifa ilikuwepo, moja kwa moja, nchi nzima inatazama kwa sababu hakuna televisheni nyingine. Wahitimu walikaa kwa mistari, majoho yamewabana mabegani. Kabati langu lililetwa mbele kwa mkokoteni, nami nikasimama pembeni yake, ufunguo shingoni. Nilijisikia mtu.

Mheshimiwa Ndomondo alikata utepe, na ulikuwa utepe wenyewe. Makofi. Nailoni zikavuliwa. Akahutubia. Alisema kwamba leo taifa limezaa mapacha mia mbili na kumi na wanne. Kisha mshereheshaji akatangaza onyesho: mhitimu mmoja atabonyeza kitufe kimoja, na picha ya Mtukufu itatokea, na wimbo wa taifa utalia. Chegeni alikuwa amekwisha kuiwasha ile kompyuta ya mbele na kuandaa kila kitu. Aliyechaguliwa kubonyeza alikuwa Sikudhani, kwa kuwa kilemba chake kilifanana na rangi za bendera.

Akapanda jukwaani na kapu lake. Akasalimia. Akakaa mbele ya kompyuta, skrini nyeupe kabisa, kubwa, nchi nzima inaiona. Akaisogeza ile kibodi pembeni, taratibu, kama mtu anayesogeza sahani ya mgeni. Akatoa boksi lake kwenye kapu, akalilaza mezani, akaanza kugonga.

Aligonga dakika tatu. Kuna mahali alisita, akafikiri, akafuta, akaendelea. Mshereheshaji alicheka kidogo peke yake, akaacha. Mwishowe Sikudhani akagonga mara moja kwa nguvu, akainuka.

"Mheshimiwa, nimemaliza. Nimekuandikia barua. Naomba uisome."

Mheshimiwa akaitazama skrini. "Mbona sioni kitu?" akamnong'oneza katibu wake, ila kipaza sauti kilikuwa wazi, nchi nzima ikasikia.

Sikudhani akafungua daftari. Wala hakupaza sauti. Alisoma Waraka Namba Tisa, neno kwa neno, na tarehe yake. Akainua hati yake yenye muhuri, akasoma na hiyo. Halafu akasema:

"Mheshimiwa, mimi ni mwalimu wa historia, nauliza tu ili niandike vizuri. Kama barua hii haionekani, basi na mitihani yetu haikuonekana. Na kama haikuonekana, hawa wataalamu mia mbili na kumi na wanne uliomwandikia Mtukufu kwamba umewageuza, hawapo. Niandike hawapo?"

Alipotajwa Mtukufu, nilimwona Mheshimiwa akimeza mate. Jasho lilimtoka kwenye masikio, na sikujua kama masikio hutoa jasho.

"Nani kasema haionekani?" akanguruma. "Nilikuwa natafuta miwani!" Akaivaa. Akaikaribia skrini nyeupe, akaanza kusoma. Macho yalikwenda kushoto kulia, kushoto kulia. Mahali fulani akatikisa kichwa kwa huzuni. Mahali pengine akacheka. Aliposhuka mpaka chini, akavua miwani na kujipangusa macho.

"Barua nzuri sana! Ina uzalendo ndani yake!"

"Mheshimiwa anakubaliana nayo?"

"Kila neno! Asilimia mia!"

"Ahsante, Mheshimiwa," akasema Sikudhani, akiigeukia kamera. "Wananchi mmesikia. Mheshimiwa amekubali vyeti vyetu vyote turudishiwe sasa hivi, kabla ya saa tano."

Mdomo wa Mheshimiwa ukabaki wazi. "Nime... hivyo ndivyo ilivyosema?"

"Aya ya pili."

"Ni kweli, Mheshimiwa," akasema Chegeni, akiinuka kwenye kona yake. "Hata mimi nimeiona. Aya ya pili."

Na hapo ndipo wahitimu, mstari kwa mstari, walipoingiza mikono ndani ya majoho wakatoa maboksi. Wote. Wakayaweka mapajani wakaanza kugonga, vidole elfu mbili na zaidi, ukumbi ukalia kama mvua inayoanza juu ya bati. Walikuwa wanamtazama Mheshimiwa usoni na kugonga.

"Nao wameandika hivyo hivyo," akasema Sikudhani. "Utazisoma barua zao, au umeshazisoma?"

Mheshimiwa akaitazama kamera. Akatazama skrini nyeupe. Akatazama yale macho ya wahitimu. "Aya ya pili," akasema polepole. "Ndiyo, ndiyo. Mimi mwenyewe aya ya pili ndiyo niliyoipenda zaidi."

*

Macho yote yakanigeukia mimi.

Katibu wa Wizara alikuwa ananikatia ishara kwa mkono shingoni. Lakini ishara si maandishi. Nilisimama nikaipitia kanuni kichwani, kipengele kwa kipengele. Amri ya maandishi ipo? Ipo, kwa mujibu wa Waraka Namba Tisa. Imesomwa na Waziri mwenyewe? Nchi nzima imeona, na miwani alivaa. Imekubaliwa? Kila neno. Miaka kumi na tisa nimekaa na kabati hili, na sijawahi kupata amri iliyonyooka namna ile.

Nikafungua.

Niliita majina mpaka koo likakauka. Walikuja mmoja mmoja, vijana kwa watu wazima, wengine wanacheka, mmoja analia waziwazi na kukibusu cheti. Sikudhani alikuja wa mwisho. Alitoa ile fremu kwenye kapu, akakirudisha cheti ndani, akabana visumari vyake. Kisha akachukua boksi lake, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Ile risiti, mzee," akasema. "Sasa imezinduliwa."

Mheshimiwa aliwatunuku vyeti vya kugeuka pia, angefanyaje, kamera ilikuwa bado inawaka. Saa tano pipa likawashwa kama ratiba ilivyotaka, lakini hakukuwa na kitu cha kuteketeza, basi mpishi akateleka birika la chai juu yake. Na wale wahitimu, badala ya kwenda kunywa soda, wakaziendea kompyuta pamoja na Chegeni. Askari wakataka kuzuia. Sikudhani akawaonyesha utepe uliokatwa. Wakapisha.

"Haya," Chegeni akasema, na sijawahi kumsikia mtu ana furaha ile. "Kitufe cha kuwashia ni hiki hapa."

Miezi mitano wakajifunza, kwa zamu, watu wawili wawili kila kompyuta. Kozi ilikuwa imekwisha, hakuna aliyeweza kuwasimamisha wala kuwapangia. Sikudhani amerudi shuleni kwake. Asubuhi anafundisha historia, jioni anafundisha kompyuta, na juu ya mlango wa mama yake sasa kuna fremu mbili. Wageni wanachelewa zaidi kupewa kiti.

Mimi nilisimamishwa kazi siku iliyofuata. Niliandikiwa nijieleze kwa maandishi mbele ya Kamati ya Nidhamu. Nikajieleza. Nilikaa mbele yao, nikalilaza mapajani lile boksi, nikagonga saa nzima, kurasa kumi na mbili. Waraka Namba Tisa bado upo, hawathubutu kuufuta, maana ukifutwa Mheshimiwa itabidi aseme alikuwa anasoma nini. Kamati ikatazamana. Ikaomba muda. Wiki ya sita ikaniletea barua yenye muhuri: *Maelezo yako yamesomwa kwa makini. Radhi yako imepokelewa, na mapendekezo yako yote yamekubaliwa. Rudi kazini.*

Sikuomba radhi popote katika kurasa zile kumi na mbili. Niliandika jambo moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, kwamba kabati lile ling'olewe mlango. Jumatatu nilirudi na bisibisi, nikaung'oa. Nimeuegemeza ukutani nyuma ya jiko, na anayetaka kuurudisha aje na amri ya maandishi.